Tunatenganisha taka, gari linazichanganya: niendelee au niache?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tunaishi Tabata kwenye nyumba ya kupanga, wapangaji wanne ndani ya geti moja. Ninachokuandikia mume wangu anakiita jambo dogo, lakini kimeninyima raha mwezi mzima, na Jumamosi iliyopita kimenifanya nimtukane mtoto wa mwenzangu.

Binti yangu Neema ana miaka tisa. Siku moja alirudi kutoka shule amefundishwa kutenganisha taka, na tangu aweke begi chini hakunipa nafasi ya kupumua. Nilikubali, maana na mimi nililipenda. Tukanunua ndoo tatu: ya kijani ya maganda na mabaki ya chakula, ya bluu ya karatasi na maboksi, nyekundu ya plastiki na makopo. Neema akaandika majina kwa maka peni, akayabandika kwa selotepu. Dada wa kazi akashika haraka kuliko hata baba yao. Wiki tatu hivi tulikwenda vizuri, na jikoni hata harufu ilipungua.

Gari la taka hupita kwetu Jumamosi asubuhi. Jumamosi ya nne Neema akasema anataka kuona taka zake zinavyoondoka, tukasimama naye getini. Vijana wa gari wakachukua mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, yote wakamwaga humo humo nyuma. Mmoja akapanda juu akakanyaga kwa buti ili zishuke. Maboksi tuliyoyakunja vizuri nikayaona yanazama kwenye yale maji meusi. Neema akanitazama: "Mama, sasa tulikuwa tunafanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilimuuliza kijana mmoja, akaniambia kwa upole tu, "Mama, gari ni moja na tumbo lake ni moja."

Tangu siku hiyo nyumba imegeuka. Mume wangu anasema si alinionya. Dada wa kazi ameanza kutupa popote, nikimwambia ananijibu kwamba hata gari linachanganya. Mama mkwe wangu, ambaye yuko kwetu tangu mwaka jana kwa matibabu ya kisukari, anasema kwao taka zilifukiwa shimoni chini ya mgomba na hakuna aliyehitaji ndoo tatu. (Yeye sindano zake anazifunga kwenye gazeti na kuzitupa, sijui nazo zinaingia ndoo gani.) Majirani ndio usiseme. Mmoja anatumbukiza pampasi kwenye ndoo yangu ya bluu, mwingine anachoma plastiki nyuma ya choo kila jioni, moshi unaingia chumbani kwa watoto.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Kuna kijana anaokota makopo. Siku ya gari hupita alfajiri, anafungua mifuko tuliyoiweka nje usiku, anatoa chupa, na zinazobaki zinasambaa. Kunguru wanamalizia. Majirani wananilaumu mimi, eti chupa zangu ndizo zinazomwita, na mwenye nyumba amenipigia simu. Jumamosi iliyopita nikamkuta ameinama getini na mfuko wangu umepasuka. Nikamwita mwizi, kwa sauti, watu wakatoka. Hakunijibu neno. Aliweka chini chupa alizokuwa ameshika, moja moja, akaondoka. Shangazi, kule kuziweka chini moja moja hakujanitoka.

Tunalipa shilingi elfu tano kila mwezi ya taka. Niendelee kutenganisha au niache? Na Neema nimwambie nini?

Mama Neema, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Kabla ya yote, zile sindano. Umeziweka kwenye mabano kana kwamba ni jambo la pembeni, na mimi ndizo zilizonifanya nikae wima. Gazeti halizuii sindano. Likiloa na maji ya taka ndiyo kabisa. Yule kijana anaingiza mkono kwenye mfuko gizani, yule wa gari anaukumbatia mfuko kifuani ili kuurusha juu, na Neema mwenyewe ndiye anayepanga ndoo zenu. Leo hii tafuta chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kukaza, ile ya sabuni ya maji au dumu dogo la dawa ya kudekia. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano inapenya. Andika SINDANO kwa ile maka peni ya Neema, pande zote mbili, ili asije mtu akalichukua akidhani ni dumu la kuuza. Mama akishajichoma, sindano iingie humo moja kwa moja. Robo tatu ikijaa, kaza kifuniko, zungushia selotepu, mwende nayo kliniki siku ya dawa na kuwaomba waipokee pamoja na sindano zao. Isiingie ndoo yoyote, ya kijani wala ya bluu.

Nasema kwa ukali kidogo kwa sababu yamenikuta. Miaka ya nyuma nilivunja glasi, nikazoa vipande kwa ufagio, nikavimwaga kwenye mfuko wa taka juu ya maganda ya viazi, nikafunga, nikasahau. Siku mbili baadaye mtoto wa kiume, umri wake labda miaka kumi na mitatu, aligonga mlango kuomba maji. Alikuwa ameshika kiganja cha kushoto kwa mkono wa kulia. Kidonda kilianzia chini ya kidole gumba kikafika katikati ya kiganja, na kwenye kingo zake kulikuwa na kipande cha ganda la kiazi. Ganda langu. Hakunilaumu, hakujua hata kwamba taka zile ni zangu. Alitaka maji tu. Tangu hapo glasi iliyovunjika naifunga kwenye boksi, nazungushia selotepu na kuandika GLASI, na sijawahi tena kufunga mfuko bila kuuwazia mkono utakaoufungua.

Sasa swali la Neema, maana ndilo lililobeba barua nzima. Mwambie hivi: tulikuwa tunafanya kazi sahihi, tukaikabidhi kwa asiyehusika nayo.

Gari la taka mnalilipa libebe. Linazitoa mtaani, linazipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, linamwaga, linarudi kufuata nyingine. Ile elfu tano ni nauli ya kuziondoa getini kwako, na kule zinakofika hakuna mlango wa kijani na mlango wa bluu. Yule kijana alikujibu kweli tupu: tumbo ni moja. Hakudharau maboksi yenu. Hata angeyaweka pembeni kwa heshima ya mtoto, yangefikia rundo lile lile, na kule kuna watu wengine wanaoyachambua upya kutoka kwenye uozo kwa mikono yao.

Anayekusanya vitu vya kurejelezwa Dar es Salaam, nyumba kwa nyumba, kwa miguu, bila kudai ada, ni yule uliyemwita mwizi.

Nakueleza kazi yake, na umweleze Neema pia. Chupa tupu ya maji ya nusu lita haifikishi gramu ishirini. Ili kijana yule apate kilo moja anahitaji chupa hamsini na zaidi, na kwa kila chupa ameinama. Anazipeleka kwa mnunuzi wa mtaani mwenye mzani, anayelipa kwa kilo. Mnunuzi anajaza viroba, anapeleka kwenye yadi kubwa, huko zinachambuliwa kwa aina na rangi, zinakandamizwa au kusagwa vipande, ndipo zinaenda kiwandani. Mnyororo wote huo unaanzia kwenye kiganja chake. Chupa yenye mchuzi au mchanga ndani mnunuzi anaikataa au anaikata bei. Boksi lililoloa ndiyo hasara tupu, maana karatasi ikishachanganyika na mafuta na uozo haina tena kazi kiwandani.

Mfuko wako anaupasua kwa sababu hauoni ndani. Umefungwa, kumekucha nusu, gari litafika saa moja, na ana mitaa mingine mitano. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kwa hiyo, mwanangu, usiache. Ila kazi yenyewe uibadilishe: kitu kilichotenganishwa kisifike kabisa kwenye gari. Kisipofika hakuna wa kukichanganya.

Ndoo tatu nazo zimezidi. Walimu wanafundisha rangi nyingi kwa nia njema, lakini kwa nyumba yenu kubwa ni moja tu: kinachooza kikae mbali na kikavu. Mkilishika hilo peke yake mmemaliza sehemu kubwa ya kazi. Karatasi na plastiki na makopo vikichanganyika vikiwa vikavu hakuna kilichoharibika, mikono iliyozoea inavitenga kwa dakika chache. Kijiko kimoja cha maharage kikimwagikia humo, kimeharibu kiroba kizima. Basi ile ndoo nyekundu na ya bluu ziwe kitu kimoja, na badala ya ndoo tumia kiroba kikubwa cha unga, kitundike kwenye msumari nje ya jiko, kisiguse maji.

Humo ziingie chupa za maji na soda za plastiki, madumu, chupa za shampuu na sabuni, makopo ya bati na ya alumini, maboksi yaliyokunjwa, madaftari ya zamani, magazeti. Chupa za kioo za soda mnajua wenyewe, zinarudi dukani. Kuosha hakuhitaji maji mapya, maji yenyewe tunayajua yanavyokatika. Yale ya mwisho ya kusuuzia vyombo yanatosha. Mimina kidogo, tikisa, mwaga, acha chupa ipigwe na jua, halafu ibonyeze na urudishe kifuniko ili isivimbe tena. Ukibonyeza, kiroba kimoja kinameza mara mbili au tatu ya kilichokuwa kinaingia.

Kuna mchezo mmoja Neema ataupenda. Kata kipande cha chupa ya maji na kipande cha kifuniko chake. Weka vyote kwenye beseni la maji, vizamishe kwa kidole ili vitoke hewa, kisha viachie. Kipande cha chupa kitakaa chini, cha kifuniko kitaibuka. Ni plastiki mbili tofauti, na viwanda vingi vya kusaga chupa vinazitenga kwa njia hiyo hiyo, kwa matangi ya maji. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake hahitaji tena kuambiwa kwa nini watu wanatenganisha.

Usidanganyike na ile pembetatu yenye namba chini ya chombo. Ilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili kutambulisha aina ya plastiki, basi. Haikuahidi kwamba kuna mtu mtaani kwako atakayeinunua. Pakiti za biskuti, sacheti za sabuni, vile visahani vyeupe vya chipsi vinavyovunjika kama muwa mkavu, sijaona anayevitaka. Hivyo viende na gari bila kinyongo. Mwenye orodha sahihi ya kinachonunuliwa wiki hii ni kijana yule, kwa sababu ndiye anayesimama mbele ya mzani.

Nije kwenye ndoo ya kijani, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika jiji hili ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, ya viazi, ya machungwa, mabaki ya ugali, machicha ya nazi, majani ya mahindi. Ndivyo vinavyotoa harufu, ndivyo vinavyoita kunguru, ndivyo vinavyotoa yale maji meusi yaliyozamisha maboksi ya Neema. Vikifika dampo vikafukiwa chini ya vingine bila hewa vinatoa gesi ya methani, inayowaka, na ndiyo sababu mojawapo dampo likishashika moto linafuka siku nyingi. Ukiviondoa hivyo tu, mfuko unaobaki kwa gari unakuwa mwepesi na haunuki.

Na hapa nina habari njema kwako: mtaalamu unaye ndani. Mama mkwe wako hakukudharau aliposema habari ya shimo chini ya mgomba. Alikuwa anakueleza kutengeneza mboji, na amekufanyia hivyo kwa maneno ya kwao. Mrudie kwa adabu, mwambie, "Mama, lile shimo nifundishe." Mama aliyekaa mwaka mzima nyumbani kwa mwanawe akiwa mgonjwa, anahudumiwa kila kitu, anahitaji kuombwa jambo analolijua. Nahisi hilo peke yake litatuliza nusu ya maneno ya jikoni.

Mwenye nyumba akiwapa kona ya uwanja, chimbeni shimo la kina cha goti. Asipowapa, kiroba cha zamani kinatosha, kikiegemezwa ukutani penye kivuli, kimetobolewa pembeni. Mkitia ndoo moja ya mbichi, tieni ndoo mbili za kikavu juu yake: majani yaliyofagiliwa uani, maranda ya fundi seremala, boksi lililochanwachanwa. Kosa la wengi liko hapo, wanatia mbichi juu ya mbichi, ikianza kunuka wanasema mboji haifai mjini. Ikinuka, imezidi maji, ongeza kikavu na ugeuze kwa kijiti. Mara moja kwa wiki kugeuza kunatosha. Nyama, mifupa ya samaki na mafuta msitie, mtafuga panya. Kwa joto letu, miezi miwili mitatu mnapata udongo mweusi wa kupandia mchicha kwenye ndoo ile nyekundu iliyokosa kazi.

Mkishindwa na mboji, pale Tabata hamkosi mtu mwenye mbuzi, ng'ombe wa ndani au kuku. Maganda mabichi ya siku hiyo hiyo, yasiyo na chumvi nyingi wala plastiki, atayapokea kwa mikono miwili, na machicha ya nazi kuku wanayagombania. Vifuu kausha, ni kuni.

Majirani. Hao wa pampasi usigombane nao, waondolee nafasi. Kiroba chako kikitundikwa mlangoni kwako, ndoo ikiwa jikoni kwako, hakuna pampasi ya mtu itakayoingia. Pampasi na taulo za kike ziende kwa gari, zimefungwa kwenye mfuko wake peke yake, na hiyo ni kazi ya mwenye mtoto.

Yule anayechoma ni habari nyingine, na hapo nakuruhusu uwe mkali. Plastiki inayochomwa kwenye moto wa uani haiungui vizuri, na baadhi yake, kama vipande vya mabomba na nyaya za umeme, hutoa sumu inayoingia mapafuni mwa watoto wenu wote, na wake pia. Nenda kwake mchana, asiwe amewasha, uende na kiroba mkononi. Mwambie, "Kaka, plastiki zako nipe mimi, kuna mtu wa kuzichukua." Wengi wanachoma kwa sababu gari limechelewa na taka zimejaa, hawana roho mbaya. Akikataa, mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa afya wa kata, na usione haya.

Nimekumbuka jambo kwa sababu umeandika kutoka Tabata. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba dampo la jiji lilikuwa hapo hapo kwenu. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki halmashauri ya jiji kwa moshi na harufu iliyokuwa ikiwaumiza, na walishinda. Jiji likaomba kuongezewa muda, likaongezewa, likaomba tena, hadi miaka ya tisini ilipoanza ndipo mahakama ikakataa. Watu wa kawaida kabisa, wenye pua na watoto kama wewe. Nawaheshimu sana. Ila tazama kilichofuata: dampo likahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, sasa Pugu Kinyamwezi. Kila mara lilipoondolewa mlangoni kwa mtu lilitua mlangoni kwa mwingine. Boksi lako lililozama kwenye gari lile liko huko kwa majirani wa Pugu hivi sasa.

Kwa hiyo ile elfu tano yako pia idai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la kuweka utaratibu wa taka kutenganishwa pale zinapozalishwa. Utaratibu huo unaishia hewani kama gari linalokuja kuzifuata lina tumbo moja. Kwenye mkutano wa mtaa usiende na malalamiko matupu. Nenda na ombi dogo linalowezekana: mkandarasi aning'inize viroba viwili ubavuni mwa gari kwa ajili ya vikavu, au guta lipite siku nyingine, Jumatano kwa mfano, kuchukua vikavu peke yake. Ukiwa na nyumba kumi nyuma yako utasikilizwa. Ukienda peke yako watakuita mama wa ndoo.

Wala si ndoto. Bonyokwa, ambako kwa daladala si safari kutoka kwenu, wakusanya taka wameungana katika ushirika, na kwa kushirikiana na shirika la Nipe Fagio wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa. Mabwepande, upande wa Kinondoni, kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinachogeuza taka za masokoni kuwa mbolea. Mwenyekiti wenu akisema haiwezekani, mwombe mwende naye Bonyokwa mkaone.

Mume wako niachie. Mwanamume aliyesema "si nilikuonya" hashindwi kwa hoja, na wewe huna haja ya kumshinda. Mfuko wa gari ukipungua na jikoni kusiponuka ataona mwenyewe. Dada wa kazi mweleze ulichojifunza kabla hujampangia upya, kwa sababu aliacha pale alipoona kazi yake inamwagwa, na hapo alikuwa na haki. Kikipatikana chochote kutokana na maboksi, kiwe chake.

Limebaki la kijana, nalo ndilo gumu.

Neno ulilomwita katika mji huu linaweza kumtoa mtu roho. Umelisema kwa sauti, watu wakatoka, na Mungu aliepusha. Kwa hiyo samahani yako isiwe ya kunong'ona. Ulimwita mwizi mbele ya majirani, mwombe radhi mbele ya majirani. Huna haja ya hotuba wala ya kumpa fedha. Mwambie tu, "Mdogo wangu, nilikukosea, wewe si mwizi. Kuanzia leo vya kwako viko hapa." Halafu mpe kiroba mkononi, kikavu, kimefungwa, asiiname.

Kubalianeni siku na saa. Ijumaa jioni itakuwa nzuri, maana mifuko ya gari bado iko ndani na hatakuwa na sababu ya kuipasua. Muulize anachukua nini na hachukui nini, Neema akiwa pembeni na daftari. Muulize pia kama ana glavu. Wapangaji wenzako wakiona getini kumesafishika na kunguru wamehama, mmoja mmoja ataanza kukuletea chupa zake, nawe mwelekeze kwa kijana moja kwa moja.

Inawezekana Jumamosi hii asipite, kwa aibu au kwa hofu. Asipopita usiseme basi. Muulize mnunuzi mwenye mzani wa karibu na kwenu, hao wanajuana wote. Akipita, itakuwa alfajiri kama kawaida yake. Amka kabla yake, mfungulie geti, umsalimie, na umuulize jina lake.

Shangazi